Kenya na Watoto wa Gredi ya 10: Kutazama Chuo Kabla ya Kuchagua Masomo

Mwezi Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa Kenya waliingia gredi ya 10, yaani mwanzo wa sekondari ya juu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, unaondoka, na mahali pake unashika ule wa 2-6-3-3-3. Jambo ambalo majirani wa Kenya hawana budi kulitazama ni umri wa kuamua. Mtoto wa miaka 15 hivi hutakiwa kushika njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo.

Uamuzi huo si wa mzaha. Hisabati ni lazima kwa wote, lakini wa njia ya kwanza husoma ile yenye kina, na wengine huweza kusoma nyepesi. Mtoto aliyefuata marafiki zake, kisha miaka mitatu baadaye akatamani uhandisi, atakuta mlango umekwisha kufungwa.

Mara nyingi shule huwapeleka wanafunzi kutazama vyuo vikuu katika mwaka wao wa mwisho, masomo yakiwa yamekwisha kuchaguliwa. Lakini kamanda hatumi wapelelezi baada ya kikosi kuvuka mto. Ziara yenye faida ni ile ya mapema. Mtoto afike Njoro, kwenye Chuo Kikuu cha Egerton, aone kilimo kikifundishwa kwa mizani na vipimo. Au afike Chuo Kikuu cha Moi, karibu na Eldoret, awaulize wanafunzi wenyewe ni masomo gani yaliyowaingiza pale. Ziara ya kupiga picha langoni haifundishi kitu.

Jambo hili linawahusu pia wananchi wa Tanzania, na hasa askari. Hapa nako, mwanafunzi anayeiacha fizikia baada ya kidato cha pili hujifungia tahasusi kadhaa za kidato cha tano. Mtoto wa askari ana tatizo la ziada: baba huhamishwa kituo, mama huhamishwa kikosi, na mtoto hubadili shule kabla mwalimu hajamfahamu vizuri. Nani basi atakayemwongoza?

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Askari aliyeko likizo Morogoro aweza kuomba ruhusa ya kumtembeza mwanawe siku moja katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Aliyeko Dar es Salaam ana Mlimani karibu. Swali la kuuliza ni moja: ili kusoma hapa, ni masomo gani asiyaache leo?

Kenya imeusogeza mapema umri wa kuchagua. Ni wajibu wa wazazi, huko na huku, kuusogeza mapema pia umri wa kuona. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo hulelewa na mtoto.