Namba Zilizolala Kabatini

 

Tulikwenda kumzuru mzee wetu mmoja, mgonjwa wa figo, ambaye mwanawe alimletea kutoka Muscat mashine ya kupimia presha. Mzee alikuwa akijipima kila asubuhi, akitazama namba, kisha akiirudisha mashine kabatini. Tulipobonyeza kitufe cha kumbukumbu zikatokea namba za wiki tatu: 172, 168, 181. Mashine ilikuwa ikisema kila siku, na nyumba nzima hapakuwa na msikilizaji.

Ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Figo huweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake bila mtu kuhisi maumivu, na wengi huijua hali yao siku wanapoambiwa kwamba hapana budi damu isafishwe kwa mashine, aghalabu mara tatu kwa wiki. Presha huharibu figo, na figo zilizoharibika huipandisha presha. Anayeidhibiti huweza kuichelewesha siku ile kwa miaka.

Kipimo nacho kina adabu zake. Mkanda ufungwe juu ya kiwiko, kwenye ngozi, wala si juu ya kanzu kama tulivyoshuhudia kwa wengi. Mgonjwa akae kimya dakika 5, ameegemea, mkono umelazwa usawa wa moyo. Apime mara mbili asubuhi, kabla ya dawa na kahawa, na mara mbili jioni, na kila namba iandikwe daftarini kwa tarehe yake. Wastani ukifika 135 kwa 85, daktari aonyeshwe daftari hilo. Mizani isidharauliwe: kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku mbili tatu, na miguu ikavimba, hayo huwa ni maji, si shibe.

Ziko nchi ambako mgonjwa husafishwa damu kupitia tumboni akiwa amelala kwake, na mashine ikapeleka taarifa hospitalini kwa intaneti. Hata huko, lazima awepo muuguzi wa kuzisoma.

Na anayekusudia kufunga Ramadhani akiwa na maradhi ya figo, aende kwa daktari na daftari lake kabla mwezi haujaandama; mgonjwa amepewa ruhusa, na asiione kuwa ni aibu.

Mzee wetu tulimpeleka kliniki, dawa zikabadilishwa. Mashine sasa iko mezani, na mjukuu wake wa darasa la sita ndiye mwandishi wa daftari.