Fedha Ilipanda, Watu Wakabaki Chini

Tukitaja Vita Kuu ya Pili ya Dunia humkumbuka askari na bunduki yake. Leo tumkumbuke baharia wa meli ya abiria na mizigo: serahangi, mpishi, fundi wa mitambo.

Tarehe 20 Novemba 1942 meli ya Tilawa iling'oa nanga Bombay kuja Mombasa, na kutoka hapa iendelee Maputo na Durban. Ilichukua abiria 732 na mabaharia 222, wengi wao Wahindi. Usiku wa kuamkia tarehe 23, nyambizi ya Kijapani iliipiga kombora. Watu walikuwa wakihangaika na mashua lilipofika kombora la pili, na meli ikazama. Manowari ya Kiingereza, Birmingham, iliwaokota wengi siku mbili baadaye. Waliokufa ni 280.

Mabaharia hao walikuwa watu wa namna gani? Vita vilipoanza mwaka 1939, mabaharia wa Kihindi waligoma katika bandari kadhaa, kwa kuwa mshahara wao ulikuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mwenzao Mwingereza. Lakini kombora halikuuliza mshahara wa mtu.

Sasa sikilizeni. Ndani ya Tilawa mlikuwa na vipande 2,364 vya madini ya fedha, mali ya serikali ya Afrika Kusini. Mwaka 2017 kampuni moja ilivitoa chini ya bahari, kina cha kilomita mbili na nusu. Wakagombania mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, iliyotoa hukumu mwaka 2024. Kila kipande kilihesabiwa, na kila kimoja kilikuwa na mwenye kukidai.

Baharia je, nani anamdai? Majina ya waliopotea baharini yameandikwa London, Mumbai na Chittagong. Ni jambo jema, lakini jina ukutani halisemi mtu alikuwa nani wala aliacha watoto wangapi. Hayo hukaa katika vinywa vya jamaa, na vinywa hufumbwa.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama babu yako alifanya kazi melini, waulize wazee wangali hai. Andika jina lake, la meli yake, na mwaka. Fedha imepata wa kuizamia. Na watu nao wapate wa kuwauliza.