Jenereta Nyumbani: Tujilinde Sisi, Tumlinde na Aliye Juu ya Nguzo

Mazungumzo na watumiaji wa umeme wa Kata ya Magoma, Wilaya ya Korogwe

Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja: namna ya kufunga jenereta nyumbani bila kuhatarisha maisha ya mtu.

Mkazi wa Korogwe ana haki ya kuuliza: iweje tukose umeme ilhali kituo cha Hale kimo humu humu wilayani? Kituo hicho cha Mto Pangani kilianza kazi mwaka 1964, nacho kilijengwa kuzalisha megawati 21. Hata hivyo, umeme wake hauji Magoma moja kwa moja. Huingia katika Gridi ya Taifa pamoja na umeme wa vituo vingine, ndipo ugawanywe. Gridi ikipata hitilafu, aliye karibu na mtambo na aliye mbali hukaa gizani pamoja, kama ilivyotokea tarehe 1 Aprili 2024. Tena laini ya kuja vijijini hupita kati ya miti na mabonde. Tawi moja likianguka wakati wa mvua, hutosha kuikata.

Kwa hiyo mwenye duka, mwenye saluni au mama mwenye friji ya biashara hakosei anapotafuta jenereta. Kosa huanzia katika namna anavyoiunganisha.

Umeme unaotoka nyumbani kwenda njiani

Wapo wanaochukua waya wenye plagi pande zote mbili, wakachomeka upande mmoja kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya ukutani. Nyumba nzima huwaka, na jambo huonekana limekwisha kwa gharama ndogo. Lakini nyaya za nyumba zimeungana na laini ya mtaani kupitia mita. Umeme wa jenereta hautaishia sebuleni. Utatoka nje hadi kwenye transfoma.

Transfoma inayoshusha umeme wa volti 11,000 au 33,000 hadi volti 230 tunazotumia nyumbani, hufanya kazi kinyume vilevile. Ukiipelekea umeme kutoka upande wa nyumba, huupandisha upande wa laini kubwa. Hapo, laini ambayo kijiji kizima kinaamini imekufa huwa hai. Fundi aliyepanda nguzo ana vipimo na taratibu za kujikinga. Mtoto anayeshika waya ulioanguka shambani hana chochote. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla, hukutana na wa jenereta, na jenereta yenyewe huweza kuungua au kuwasha moto.

Wengine hutujibu, "Sisi huzima meni swichi kwanza." Tunawaamini. Lakini siku mwenye nyumba amesafiri, anayewasha jenereta ni kijana wa nyumbani, usiku, kwa haraka. Usalama wa mtu mwingine usitegemee kumbukumbu ya mtu mmoja.

Dawa yake ni swichi ya kubadilishia umeme, ambayo mafundi huiita chenjiova. Swichi hii ina upande wa TANESCO na upande wa jenereta, na kwa umbile lake haiwezi kuunganisha pande zote mbili kwa pamoja. Anayeiwasha hata akisahau, swichi haisahau. Kanuni ni ile ile kwa anayefunga umeme wa jua wenye betri kwenye nyaya za nyumba.

Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni inayotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA. Mwombeni aionyeshe kabla ya kuanza kazi. Tazameni jina, daraja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuomba leseni si kumvunjia fundi heshima.

Asiyemudu gharama ya chenjiova kwa sasa, asiiguse kabisa mifumo ya nyaya za nyumba. Achomeke friji au taa kwenye jenereta yenyewe kwa waya wa ekstensheni mnene, usiochubuka.

Ukubwa unaofaa

Kabla ya kununua, jumlisheni wati za vifaa. Chukueni mfano wa taa 5 za wati 10, televisheni ya wati 80, feni ya wati 60 na friji ya wati 150. Jumla ni wati 340. Lakini friji inapoanza kuzunguka huweza kuvuta hata mara 5 ya wati zake, yaani 750, na jumla ikafika 940. Jenereta ya wati 1,000 itakuwa ukingoni. Ya wati 1,500 itafanya kazi kwa nafasi. Angalieni pia kwamba kVA 1 kwa kawaida ni kama wati 800, si 1,000. Dai risiti na dhamana ya maandishi.

Moshi na petroli

Sote tunajua hatari ya kulala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hewa inayoua pale, kaboni monoksidi, ndiyo hiyo hiyo inayotoka katika moshi wa jenereta. Haina rangi wala harufu. Mtu husikia kichwa kikiuma, husinzia, asiamke. Jenereta isiwekwe chumbani, stoo, jikoni wala barazani, hata kama mnahofia wezi. Iwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, moshi ukielekea mbali na milango na madirisha. Ijengeeni kibanda cha paa kilicho wazi pembeni na ifungwe kwa mnyororo.

Petroli isiongezwe jenereta ikiwa inaunguruma au ingali ya moto. Izimeni, ipoe, kisha mjaze mkiwa na tochi, si kibatari. Dumu la akiba likae nje ya chumba cha kulala, mbali na jiko na watoto.

Ndugu zetu, jenereta ni mali ya mtu binafsi, lakini laini iliyo mlangoni pake ni ya kijiji kizima. Tukirudi nyumbani leo, kila mwenye jenereta aangalie kama kuna ule waya wa plagi mbili. Akiukuta, aukate, amwite fundi mwenye leseni.