Maudhi ya Dawa za Uzazi wa Mpango: Rudi Kituoni, Usikae Kimya



Katika kliniki za afya ya uzazi, kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru hadi zahanati za vijiji vilivyo miteremkoni mwa mlima, wanawake wengi huchagua sindano ya miezi 3 au kipandikizi cha mkononi. Huduma hizo hutolewa bila malipo katika vituo vya Serikali.

Hata hivyo, wapo wanaopatwa na mambo wasiyoyatarajia: matone ya damu yasiyokoma, hedhi kupotea, kichwa kuuma, uzito kuongezeka au hamu ya tendo la ndoa kupungua. Kliniki huyaita maudhi madogo madogo. Lakini kwa mama anayeshinda sokoni Tengeru akihofia kuchafua khanga yake mbele za watu, maudhi hayo si madogo, na haifai kumjibu kwamba atazoea.

Yafaa kueleza chanzo chake. Sindano na kipandikizi vina homoni inayofanana na ile ambayo mwili wa mwanamke huitengeneza wenyewe. Homoni hiyo huzuia yai kupevuka, huufanya ute wa shingo ya kizazi kuwa mzito, na huupunguza utando wa ndani wa mji wa mimba. Utando huo mwembamba humeguka pasipo mpangilio, ndipo matone hutokea, hasa katika miezi ya mwanzo. Ukiendelea kuwa mwembamba, hakuna cha kutoka, na hedhi hukoma. Baada ya mwaka mmoja wa kutumia sindano, takribani nusu ya wanawake hawaoni hedhi. Damu haijikusanyi tumboni wala haigeuki uvimbe, kama inavyodaiwa mitaani.

Jambo zito zaidi ni kuchelewa kwa mimba. Sindano ikishachomwa haiwezi kuondolewa mwilini. Husubiriwa iishe yenyewe. Mwanamke anayeiacha ili apate mtoto hukaa kwa wastani miezi 10 tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba, na wengine huzidi hapo. Asiyeelezwa hilo mapema huanza kuitwa tasa na wakwe na mawifi, na ndoa hutikisika, ilhali kizazi chake ni kizima. Kipandikizi ni tofauti: kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurejea haraka. Kwa hiyo anayetarajia mtoto hivi karibuni aseme hivyo kabla ya kuchagua njia.

Yanapotokea maudhi, wengine huacha kimyakimya na kupata mimba wasiyoipanga. Wengine hununua vidonge dukani kwa kubahatisha, au hutafuta mtu asiye na ujuzi awatolee kipandikizi. Njia iliyo salama ni kurudi kituoni. Mtoa huduma atachunguza kwanza kama ipo mimba au maambukizi. Akijiridhisha, anaweza kutoa dawa ya siku chache ya kupunguza damu, au kumsaidia mteja kuhamia njia nyingine, ikiwemo isiyo na homoni kama kitanzi cha shaba au kondomu. Kipandikizi cha miaka 3 au 5 hakimfungi mtu kwa muda huo wote. Anayo haki ya kutolewa siku yoyote atakayotaka.

Anayetumia dawa nyingine azitaje. Rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU hupunguza nguvu ya kipandikizi.

Zipo dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki: damu nyingi inayolowanisha pedi kila saa, maumivu makali ya tumbo chini ya kitovu, maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kichwa kuuma vikali pamoja na macho kupoteza nuru. Mwenye dalili hizo afikishwe hospitali mara moja.

Madhara ya dawa pia huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, yenye ofisi ya kanda jijini Arusha. Mgonjwa anaweza kumwomba mtoa huduma ajaze taarifa hiyo. Taarifa zinazokusanywa kutoka vituo vingi ndizo huonyesha tatizo ambalo mgonjwa mmoja peke yake hawezi kulithibitisha.

Watoa huduma wanakumbushwa kwamba dakika chache za kueleza maudhi kabla ya sindano ni sehemu ya huduma yenyewe. Mwanamke aliyeambiwa mapema hashtuki yanapomfika. Akina baba nao wanaombwa kuongozana na wake zao kliniki, ili maelezo hayo wayasikie kwa masikio yao badala ya kuyapokea kama uvumi kilabuni.