Wimbo na Chombo Chake: Santuri, Kanda na Umbo la Muziki wa Kiswahili



Tumezoea kuueleza wimbo kwa mtunzi wake: sauti, mashairi, bendi. Jioni hii natetea hoja nyingine. Tusipouliza wimbo ulibebwa na chombo gani, sehemu kubwa ya usanii wake inatupita.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alitoka Unguja na wenzake, akina Maalim Shaaban na Budda Swedi, kwenda Bombay kurekodi santuri zilizotoka kwa nembo ya His Master's Voice. Santuri za siku hizo, zenye mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Taarabu ya barazani haikutazama saa. Ubeti ukimgusa msikilizaji huombwa tena, na kutunza kukaendelea. Studioni hapakuwa na wa kuomba wala wa kutunza. Ilibidi beti zichaguliwe na ala zifupishwe. Kwa hiyo santuri zile ni tungo zilizokatwa upya kwa kipimo cha kigeni, na mtafiti anayezichukua kama kumbukumbu kamili ya baraza anakosea.

Ustadi wa kuishi na kipimo hicho ulikomaa Nairobi, kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 za muziki wa dansi. Wimbo wa dansi una nusu mbili: kwanza kisa, kinachoimbwa taratibu kwa beti na kiitikio, kisha magitaa yanachukua uwanja, solo na ridhimu zikijibizana, watu wakacheza. Ukumbini mambo hayo yangeweza kupita dakika kumi. Upande mmoja wa santuri ulibeba kama nusu yake tu, ndiyo maana lebo nyingi ziliandikwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Mtu alilazimika kuinuka kuigeuza.

Watunzi hawakukaa kulalamikia mkato huo. Kisa kilikamilishwa upande wa kwanza, ambao redio ingeupiga. Wa pili ukaachiwa wachezaji. Sikilizeni bendi za ukoo wa Wanyika, ukoo ulioanzishwa na ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga. Mwimbaji ananyamaza kwa makusudi, na magitaa yanaingia bila haraka, kama watu wanaojua kwamba zamu ni yao.

Dar es Salaam hali ilikuwa nyingine. Redio Tanzania ilirekodi bendi kwenye utepe kwa ajili ya matangazo, na utepe haukudai mkato. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Aliyetaka wimbo wake ununuliwe, sio kusikika tu, alitazama Nairobi. Ndivyo kazi za Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, zilivyofika madukani. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, hadi 1983, njia hiyo ilibanwa kwa siasa isiyohusiana kabisa na muziki.

Kanda za kaseti zilileta kipimo cha tatu. Kwenye kanda kuruka wimbo kulikuwa kazi, hivyo mpangilio wa nyimbo ukawa na maana. Albamu ya Professor Jay ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu, ni ya zama hizo ambapo msanii wa Bongo Fleva alipimwa kwa albamu nzima. Leo mtandao wa Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30. Haishangazi kwamba kiitikio kinakimbilia mwanzoni, na magitaa yaliyosubiri upande wa pili hayana tena pa kusubiri.

Natoka na dai moja kwa maktaba na idara zetu. Tunapohamisha nyimbo hizi kwenye kompyuta, tusiunganishe pande mbili za santuri na kufuta mkato ili wimbo usikike laini. Tuhifadhi pande zote mbili zilivyo, pamoja na maandishi ya lebo, urefu wa kila upande na mahali ilipochapwa. Mkato ule ni uamuzi wa watu waliotunga kwa kipimo walichopewa, na mwanafunzi wa kesho ana haki ya kuusikia.