Mkoa Unapokuwa Mdhamini: Fundi wa Machimboni na Ukaazi wa Kudumu Ughaibuni



Tangu mgodi wa Buzwagi ulipofungwa mwaka 2021, mafundi wa Kahama huniuliza habari za kazi za nje. Wengi hawaanzi na mshahara. Wanauliza: nikishafika huko, ni nani atakayeshika hatima yangu? Swali hilo ndilo mhadhara wangu.

Wazee wa Rungwe walipata jibu lake la kwanza. WENELA, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi, iliwachukua vijana wa Nyanda za Juu Kusini hadi kwenye dhahabu ya Afrika Kusini. Mke na watoto walibaki kijijini. Mkataba ukiisha, mtu alirudishwa kwao, hata kama aliijua kazi ya chini ya ardhi kuliko msimamizi wake. Tanganyika ilipopata uhuru ikasitisha uandikishaji ule, na ilifanya vyema.

Australia leo ina jibu jingine. Wageni wake hupenda kujazana Sydney na Melbourne, huku migodi ikilia na uhaba wa mafundi. Kwa hiyo tangu 16 Novemba 2019 kuna viza mbili za muda za mikoani, kila moja ya miaka mitano. Huko “mkoani” ni kila mahali nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane.

Viza namba 494 hudhaminiwa na mwajiri. Unamfanyia kazi yeye, na ukitaka kuhama, mwajiri mpya lazima akubaliwe kukudhamini. Ukiachishwa, tangu Julai 2024 unapewa hadi siku 180 kwa mkupuo kutafuta mwingine. Namba 491 ni tofauti: jimbo lenyewe ndilo linaloweza kukuteua, na uteuzi huo unakupa alama 15, wakati kiwango cha chini cha kuomba ni 65. Bosi akikuonea, unaweza kuvuka barabara ukaajiriwa na jirani yake, mradi usitoke katika maeneo ya mikoani. Ukimaliza miaka mitatu kwa kufuata masharti na kuonyesha kumbukumbu zako za kodi, unaomba namba 191, ambayo ndiyo ukaazi wa kudumu. Viza zote mbili zinafikia mlango huo, lakini mimi naona tofauti iliyo njiani ni kubwa kuliko mlango wenyewe. Mtu ambaye kibali chake kiko mkononi mwa bosi mmoja hafungui mdomo breki za dumpa zikilegea.

Masharti si mepesi. Kwa kawaida uwe hujafikisha miaka 45, Kiingereza chako kifikie walau 6 katika kila sehemu ya mtihani wa IELTS, na ujuzi wako upimwe. Miji mingine ina mapatano yake maalumu na serikali, yanayolegeza baadhi ya masharti. Kalgoorlie, mji wa dhahabu tangu 1893, ulipata yake mwaka 2019; fundi aliyezoea shimo la Nyankanga pale kwenye mgodi wa Geita hatashangazwa na shimo lake. Kanada nayo ilianzisha mwaka huohuo wa 2019 mpango wa miji midogo, Timmins ya dhahabu ikiwemo: mji ulipendekeza mtu mwenye ahadi ya kazi, naye akikubaliwa na serikali alipata ukaazi wa kudumu moja kwa moja. Mpango ule ulifungwa 2024, ukafuatwa na mwingine wa aina hiyo.

Jihadharini na madalali. Tangu Desemba 2015 ni kosa nchini Australia kudai au kutoa malipo ili mtu apate udhamini, na aliyelipa anaweza kufutiwa viza. Na wanaohofia uraia wao: ukaazi wa kudumu hauuondoi Utanzania. Kuchukua uraia wa pili ni jambo jingine.

Kuna wanaosema tunafundisha wengine wafaidi. Uchungu huo naujua, maana mafundi hawa tumewalea sisi walimu. Lakini fundi aliyekaa bila kazi Kahama hatujamhifadhi kwa faida ya mtu yeyote.

Kinachowakwamisha wengi ni karatasi. Barua zetu za kazi huandika: “Alikuwa mwaminifu na mwenye bidii.” Mpimaji wa ujuzi haoni kazi humo. Anataka kujua kwamba huyu alifungua injini ya dumpa akaiunda upya, alitengeneza haidroliki ya ekskaveta, tangu mwezi gani hadi mwezi gani, saa ngapi kwa wiki, na aliyesaini anapatikana wapi. Mkandarasi aliyemwajiri fundi akishamaliza mkataba na mgodi, ofisi yake huhama, na fundi hubaki na taarifa ya michango ya NSSF, inayoonyesha aliajiriwa na nani bila kueleza alifanya nini.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Maofisa utumishi mliopo ukumbini, ambatanisheni na cheti hicho ukurasa mmoja unaotaja mashine na kazi, na muutoe kabla kontena la ofisi halijapakiwa kwenye lori. Anzeni na wale ambao mikataba yao inaisha mwezi huu.