Nanga ya Ziwani ni ya Kiajemi

Msikilizaji, ukitajiwa mihadhara kuhusu dini na utamaduni wa kale wa Uhindi na Uajemi, fikra hukimbilia kumbi za vyuo vikuu. Mimi ningeanzia Ziwani, kule Mtwara.

Mvuvi wa huko akisema nanga, katamka neno lenye asili ya Kiajemi: langar. Nahodha ni nav, chombo, na khuda, bwana. Bwana wa chombo. Na akiuza samaki wa laki moja, neno hilo limetokana na laksha ya Kisanskriti, lugha ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Uhindi. Hajui, na pengine hana haja ya kujua, maana samaki wanaoza.

Zito zaidi ni Nairuzi. Huo ni mwaka mpya wa Waajemi, wa tangu enzi za dini ya Zarathustra, kabla ya Uislamu. Bado husherehekewa Makunduchi, Unguja: kila Julai kibanda cha makuti huchomwa moto na wanaume huchapana kwa mashina ya migomba.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani, Manda hadi Kilwa. Wengi waliopimwa, kukeni walikuwa Waafrika. Kuumeni, Uajemi ilitawala; asili ya Uhindi nayo ilikuwepo kidogo. Kumbe masimulizi ya Washirazi, wanaosema wahenga wao walitoka Uajemi, hayakuwa porojo tupu!

Mhadhiri atakayekwenda Ziwani aache projekta. Akae ufukweni jioni, nyavu zikishonwa, awaulize wazee kama bado wanahesabu Nairuzi.